Mtumishi Mwenye Mashaka: Asaidiwe Kabla ya Kushtakiwa

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Kaliua)



Liko neno moja la nchi hii ya Unyamwezi ambalo historia yake yatosha kuyafungua mazungumzo haya. Neno lenyewe ni mnyampara. Katika enzi za watemi, wanyampara walikuwa wazee wa baraza, watu wa kumshauri mtemi, kusikiliza mashauri ya raia na kutuliza magomvi kabla hayajafika kwenye mikuki. Misafara ya pembe na nguo ilipokuwa ikipita kati ya pwani, Tabora na Ujiji katika karne ya 19, neno hilo nalo lilijitwika mzigo likasafiri. Njiani, mnyampara akawa mkubwa wa kikundi cha wapagazi. Baadaye, katika mashamba ya mkonge, katika ujenzi wa reli na magerezani, neno likakatwa likawa nyapara. Na wazee waliofanya kazi za mikono chini ya ukoloni hawakuhitaji kuelezwa nyapara ni mtu wa namna gani. Mzee wa kushauri aligeuka msimamizi wa kiboko. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipotangaza kuwa majivuno, dharau na uonevu ni mwiko kwa kiongozi, wafanyakazi wa viwandani waliuelewa mara moja, kwa sababu nyapara walikuwa wanamwona kila asubuhi.

Suala la leo linatoka hapo hapo. Mtumishi anapopatwa na mashaka yake mwenyewe, yaani deni, ulevi, ugonjwa, msiba, au ndoa inayovunjika, je, ofisi yake humpokea kama mnyampara wa kale au kama nyapara?

Achukuliwe, kwa mfano, mwalimu wa shule ya msingi katika kata iliyo mbali na mji wa Kaliua. Hatajwi mtu hapa. Ni mfano tu, ingawa wengi watadhani wanamfahamu. Mama yake mzazi ameugua. Nauli, dawa na chakula cha wauguzi vimemaliza mshahara kabla ya nusu ya mwezi. Benki ameshakopa, na makato yake yamefika mahali ambapo sheria inakataza kuongeza, maana mtumishi hana budi kubakiwa na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Hapo ndipo anapoelekezwa kwa mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye mkopo wake watu wameupa jina la kausha damu. Mkopeshaji huyo haombi hati ya nyumba wala mdhamini. Anaomba kadi ya benki na namba yake ya siri. Tangu siku hiyo mshahara unapoingia, wa kwanza kuugusa si aliyeufanyia kazi. Mwalimu hupewa kinachosalia, na mwezi ambao hakisalii kitu hulazimika kukopa tena kwa mtu yule yule, kwa riba inayohesabiwa kwa mwezi au hata kwa juma. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni, na viongozi wamekwisha kuikemea biashara hiyo ya kushika kadi za watu mara nyingi. Lakini anayeshika kadi hatundiki kibao mlangoni, na aliyeitoa huona haya kusema.

Sasa tazama mambo yanavyofuatana. Mwalimu anaanza kuchelewa, kwa kuwa alfajiri amekwenda kumtafuta mkopeshaji. Anaanza kukwepa chumba cha walimu, maana huko nako anadaiwa. Jioni anatafuta usahaulifu kwenye kibuyu cha wanzuki. Maandalio ya masomo hayaandikwi. Juma moja anaondoka kwenda mjini kujaribu kuokoa kadi, na anakaa huko siku sita. Kwa kanuni za utumishi wa umma, kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Hapo, kwa mara ya kwanza, ofisi inamwandikia barua. Ndiyo barua ya kwanza ambayo mwajiri amepata kumwandikia juu ya mashaka yake, nayo ni hati ya mashtaka.

Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, imekuwa ikitaja utoro kuwa kosa linaloongoza katika mashauri ya nidhamu ya walimu. Hapana shaka wamo watoro wa uzembe, na hao dawa yao inajulikana. Lakini jalada la nidhamu limeundwa kuuliza swali moja tu: alikuwepo au hakuwepo? Halina mahali pa kuandika kwa nini, isipokuwa katika utetezi, na utetezi huja wakati mambo yamekwisha haribika. Wakati wote huo darasa zima la watoto limekaa bila somo la hesabu. Wao hawakukopa kitu kwa mtu, lakini ndio wanaolipa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nyumbani, na kwamba mtu mzima anayelipwa mshahara aache matatizo yake mlangoni kwake anapokwenda kazini. Hoja hiyo ina sura ya ukakamavu, lakini inasahau jinsi kazi ilivyofanywa katika nchi hii hii. Msafara ulikuwa mahali pa kazi. Mpagazi wa Kinyamwezi alipokea ujira, alikuwa na posho, alibeba frasila mbili, karibu kilo 32, na alikuwa na wakubwa wake: kirangozi aliyetangulia mbele na wanyampara waliofuata na watu wao. Safari ilichukua miezi. Humo ndani watu waliugua, walifiwa, waligombana, na walipata habari kuwa mashamba yao yameliwa na vita. Mwenye mali alikuwa na haraka ya kufika. Mpagazi aliyeugua sana angeweza kuachwa kijijini na mzigo wake ukagawiwa wenzake. Hayo ndiyo mambo ya mwajiri.

Wapagazi wenyewe, kwa upande wao, walijitengenezea njia nyingine. Walipiga kambi na kupika katika vikundi vidogo, na kikundi kilimjua mtu wake. Isitoshe, njiani palikuwa na watani. Utani baina ya Wanyamwezi na Wazaramo na makabila mengine ya njia ile haukuwa mzaha mtupu kama unavyodhaniwa leo na vijana wanaousikia kwenye sherehe tu. Mtani alikuwa na wajibu: kumpa mgeni chakula, kumtazama akiugua, na kumzika akifa mbali na ndugu zake. Tena mtani aliruhusiwa kumwambia mtu ukweli ambao ndugu yake asingethubutu kuutamka, na yule mwenye kuambiwa hakuruhusiwa kukasirika. Jambo la kutazama hapa ni moja. Mtani hakuwa mwenye kugawa posho. Hakuwa na uwezo wa kumpunguzia mtu ujira wala kumwacha njiani. Kwa sababu hiyo mpagazi aliweza kumweleza hali yake bila kuogopa kwamba kesho yake ingetumiwa dhidi yake.

Basi ikiwa mtu atauliza msingi wa mpango wowote wa kuwasaidia wafanyakazi katika mashaka yao ni nini, jibu ni hilo: anayesaidia asiwe ndiye anayeadhibu.

Nchi nyingine zimelijua jambo hili kwa kujikwaa. Katika viwanda vya Marekani mipango ya namna hii ilianza miaka ya 1940, na shida ya kwanza kushughulikiwa ilikuwa ulevi. Miaka michache kabla, mwaka 1935, kilikuwa kimeanzishwa katika mji wa Akron chama cha walevi wanaosaidiana wao kwa wao kuacha pombe, na baadhi ya makampuni makubwa yaliona kwamba fundi mzuri aliyeacha kulewa ni faida kuliko kumfukuza na kumfundisha mwingine. Lakini mwanzoni wasimamizi walipewa kazi ya kuwatambua walevi, kwa kutazama macho mekundu, mikono inayotetemeka na harufu ya kinywa. Matokeo yake ni kwamba wafanyakazi walijificha, na wasimamizi wenye huruma wakawafichia. Baadaye agizo likabadilishwa. Msimamizi akaambiwa asijifanye daktari. Atazame kazi tu. Kazi ikiharibika, amwite mtu, amwonyeshe kilichoharibika, amwambie kuwa upo msaada na mlango wake ni ule pale, kisha anyamaze. Kilicho nyuma ya ule mlango si chake kukijua. Mwaka 1970 sheria ilizitaka idara za serikali ya nchi hiyo ziwe na mipango hiyo kwa watumishi wao, na kuanzia miaka hiyo ya 1970 mipango ikapanuliwa ikachukua pia madeni, ndoa, msiba na maradhi ya akili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo juu ya afya ya akili kazini, na humo pia limo pendekezo la kuwafundisha wasimamizi namna ya kumtambua na kumsaidia mfanyakazi aliyeelemewa.

Hata hivyo hakuna haja ya kuvuka bahari, maana Tanzania yenyewe imekwisha kufanya jambo la aina hii, na ililifanya chini ya shida kubwa. UKIMWI ulipokuwa ukiwazoa walimu, wauguzi na makarani, Serikali haikuweza tena kusema kuwa ugonjwa wa mtumishi ni jambo la nyumbani kwake. Tume ya Taifa ya Kudhibiti UKIMWI iliundwa mwaka 2001. Mwaka 2004 dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bila malipo. Mwaka 2006 ukatoka waraka wa utumishi kuhusu huduma kwa watumishi wa umma wanaoishi na virusi. Kisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 ikamtaka kila mwajiri, kwa kushauriana na Wizara, aanzishe mpango mahali pa kazi, na ikaweka kinga juu ya siri ya majibu ya mtu. Mwaka 2014 mwongozo wa utumishi wa umma ukaongeza magonjwa sugu yasiyoambukiza, kama vile kisukari, shinikizo la damu na saratani.

Hatua hiyo haikuwa ndogo. Idara zilijifunza kuwa na kamati, kuwa na waelimishaji rika, na kutenga fungu katika bajeti. Zilijifunza pia kwa machungu kwamba mpango unaweza kuandikwa vizuri na bado watu wasijitokeze. Kabla ya kutamka hali yake mtumishi hujiuliza nani ataiona karatasi yake, itawekwa kabati gani, na karani wa kabati hilo anakunywa chai na nani. Mpango usio na jibu la swali hilo hubaki kwenye rafu, hata kama fungu lake limetengwa.

Ajabu ni kwamba somo hilo liliishia kwenye magonjwa. Mtumishi mwenye kisukari ametajwa katika mwongozo. Mtumishi aliyenyang'anywa kadi hakutajwa. Mjane aliyezika mume juma lililopita na anayetakiwa kusahihisha mitihani Jumatatu, naye hakutajwa. Na mwalimu ambaye mwenzi wake yuko mkoa mwingine, mwaka wa nne sasa wakiandikiana maombi ya uhamisho, huyo husemwa kwenye chumba cha walimu tu, na mara nyingi husemwa vibaya.

Tena liko jambo linalochekesha kidogo, kama si la kusikitisha. Shule zina walimu wa ushauri na unasihi. Waraka wa elimu wa mwaka 2002 uliagiza huduma hiyo itolewe kwa wanafunzi, na mwalimu mwenye jukumu hilo humsikiliza mtoto aliyefiwa, aliyeacha kula, au aliyekata tamaa. Ikifika saa nane watoto wakienda nyumbani, mwalimu huyo huyo, akiwa na mashaka makubwa kuliko yote aliyoyasikia mchana kutwa, hana pa kuyapeleka ila kwa mkubwa wake wa kazi, na mkubwa wake ndiye mwandishi wa taarifa yake ya utendaji.

Ndugu walimu na watumishi, ugumu wa Kaliua una sura yake. Wilaya hii ilimegwa kutoka Urambo mwaka 2012, na ni kubwa. Mji wenyewe ni njia panda ya reli: reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 inapita hapa, na mwaka 1950 ilifunguliwa njia ya kilometa 210 kwenda Mpanda kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Wakulima wa tumbaku, wakazi wa Ulyankulu walioanza kufika kama wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972, wafanyakazi wa reli, wafugaji na watumishi wote hukutana sokoni hapo. Katika mji wa kiasi hicho kila mtu anamjua kila mtu. Mshauri akiwekwa katika jengo la Halmashauri, mtumishi atakayeonekana anaingia kwake Jumatano atakuwa amekwisha kusimuliwa Usinge kabla ya treni ya kwenda Kigoma kuondoka. Huko Dar es Salaam mtu aweza kupanda basi akashauriwe mtaa ambao hana jirani. Hapa hawezi.

Kwa hiyo mpango wa hapa hauwezi kunakiliwa kutoka mjini. Huenda mshauri wa watumishi wa Kaliua afaa atoke Urambo au Tabora na kufika kwa zamu, na yule wa Kaliua aende kwao. Huenda afaa awe muuguzi au afisa ustawi wa jamii anayepokea watu kwa mambo mengi mbalimbali, ili mtu anayepanga foleni mlangoni pake asijulikane amefuata nini. Na kwa kuwa simu ya mkononi imefika hata pale ambapo barabara haijafika, mazungumzo ya kwanza yaweza kufanywa kwa simu, mtu akiwa amekaa chini ya mwembe wake. Lililo muhimu ni kwamba mshauri asiandike katika jalada la kazi, asipeleke majina kwa Mkurugenzi, na asiwe mjumbe wa kikao chochote cha nidhamu.

Chombo cha kulijadili jambo hili hakihitaji kuvumbuliwa. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 ndio ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na sheria ya majadiliano ya mwaka 2003 imeyaweka katika utumishi wa umma. Mara nyingi ajenda za mabaraza hayo hujaa posho, sare na sherehe za Mei Mosi. Si vibaya. Lakini baraza ndipo mahali ambapo mwajiri na mfanyakazi waweza kukubaliana kwa maandishi kwamba mtumishi atakayekwenda mwenyewe kutafuta msaada, kabla hajashtakiwa, safari yake hiyo haitakuwa ushahidi dhidi yake. Chama cha wafanyakazi nacho kina la kufanya katika madeni. SACCOS yenye uongozi mwaminifu yaweza kutenga mfuko mdogo wa dharura, wa kutoa mkopo wa nauli na dawa siku hiyo hiyo, kwa sababu mkopeshaji wa kausha damu hashindi kwa riba nafuu. Hushinda kwa kuwa mlango wake hufunguka saa tatu usiku.

Ni vema pia kusema wazi mipaka ya jambo hili, ili wasije wakajificha ndani yake wasiostahili. Mwalimu aliyemdhuru mwanafunzi hana suala la kupelekwa kwa mshauri badala ya polisi. Aliyekula fedha za umma hawezi kusema alikuwa na msongo wa mawazo akasamehewa. Na mtumishi aliyeonyeshwa mlango wa msaada mara mbili, mara tatu, naye akachagua kibuyu, ataulizwa juu ya kazi yake kama mtu mwingine yeyote.

Kwa upande wa pili, mwajiri naye asije akafanya ushauri kuwa kisingizio. Mtumishi ambaye malimbikizo yake hayajalipwa, au ambaye amepandishwa daraja kwa barua lakini si kwa mshahara, hana ugonjwa wa moyo wa kutulizwa kwa maneno mazuri. Anadai. Mshauri mwema akimsikiliza mtu wa namna hiyo atamwambia ukweli huo, na atamsaidia kuandika barua ya madai. Mipango ya kuwaliwaza watu juu ya haki yao wenyewe ingekuwa unyapara wa namna mpya, wenye sauti laini.

Basi yanabaki mambo madogo, ambayo ndiyo yenye kuamua. Katika ofisi nyingi za wilaya, chumba pekee chenye mlango unaofungika na kukaa kimya ni kile kilichoungana na masjala, mahali majalada yalipo na karani alipo. Hicho ndicho kitakachopendekezwa kwanza, kwa sababu ni rahisi na kina viti viwili. Wajumbe wa baraza watakaoletewa pendekezo hilo wakatae, hata ikiwa badala yake patapatikana benchi tu nyuma ya zahanati.